Vyumba Viwili na Futi Kamba

Kila usiku, vyombo vikishaoshwa, mama aliinua meza ya kulia akaisimamisha wima ukutani. Meza ikisimama, sebule ilikuwa imekwisha. Magodoro mawili yalitolewa uvunguni mwa kitanda cha wazazi, yakaburutwa ujiani, yakatandikwa palepale tulipokuwa tumekaa kula. Alfajiri kazi ilirudiwa kinyumenyume: magodoro uvunguni, meza chini, kitambaa juu ya meza. Mgeni aliyebisha hodi saa mbili asubuhi asingejua kwamba watoto wanne walikuwa wamelala pale anapokaribishwa kuketi. Tulikuwa watu sita katika fleti ya umma: chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko na choo, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye ngazi moja na milango kumi na miwili.

Sikuiona nyumba ile kuwa ndogo. Sisi watoto hatukuipima kwa mita, tuliipima kwa zamu. Sebule ilikuwa chumba cha kulia, kisha darasa, kisha mahali baba alipozungumza na wenzake, kisha bweni, na kila zamu ilikuwa na sheria zake. Ujia ulikuwa na upana wa sentimita 90. Kaka yangu alizoea kukaa humo mgongo ukiwa ukuta huu na nyayo ukuta wa pili, daftari juu ya mapaja. Ukitaka kupita unamruka, naye hainui macho.

Ufinyu niliujua siku moja tu, nikiwa na miaka 14. Nilikuwa nimepata barua niliyotaka kuisoma peke yangu. Sebuleni alikuwapo mdogo wangu, chumbani mama alikuwa akikunja nguo, jikoni alikuwapo dada, ujiani kaka na daftari lake. Niliisomea chooni, nimesimama, na kabla sijafika ukurasa wa pili mtu akagonga. Mita za mraba zilikuwa zilezile za jana yake. Nilichokosa ni mlango wa kufunga kwa dakika kumi.

Nimekuwa seremala kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya ndani ya fleti za namna ile. Natengeneza makabati ya kona, vitanda vya kukunja, rafu za juu ya milango, droo za uvunguni. Uzuri wa nyumba za umma kwa mtu anayetaka kujifunza ni kwamba ramani ni moja. Ukipanda ngazi moja unaingia chumba kilekile mara kumi na mbili, mita 3 kwa 3.6, dirisha upande uleule, swichi mahali palepale. Kinachobadilika ni watu. Katika jengo moja nilikikuta chumba cha nyuma kimelaza watoto watatu. Ghorofa ya juu yake kilikuwa karakana ya cherehani, na kitanda cha mwenyewe kimehamia sebuleni. Juu zaidi alilala mzee aliyepooza, na vitu vyote vya chumba kile vilikuwa vimepangwa kwa kufuata mkono wake wa kulia, ule unaofanya kazi. Ghorofa ya mwisho chumba hichohicho kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya unyevu. Kwenye ramani kina neno moja: kulala.

Zamani nilikuwa nikifika tu natoa futi kamba. Mwenyeji anasema anataka kabati, mimi nachukua vipimo, nakadiria mbao, naondoka. Makabati yangu yalikuwa imara, ila mengine yaligeuka kero ndani ya nyumba za watu. Taratibu nilijifunza kuiacha futi kamba mfukoni kwa nusu saa ya kwanza nikauliza maswali. Nani anaamka wa kwanza? Anavalia wapi? Nani analazimika kulala taa ikiwaka? Nguo zilizokauka lakini hazijakunjwa zinakaa wapi? Swali hilo la mwisho ni dogo, lakini karibu kila mara ndilo linaloniambia ni kiti gani ndani ya nyumba hakuna anayekikalia.

Familia moja ya watu watano ilikuwa na chumba kimoja na jiko. Niliwachorea kitanda kipana cha kukunja ambacho mchana kingepanda ukutani na kuacha chumba chote wazi, kisha usiku kingeshuka mahali pa meza. Kwa hesabu yangu wangepata karibu mita nne za mraba. Mama wa nyumba alikataa. "Fundi, sitaki watoto wangu walale juu ya makombo," aliniambia. Alitaka meza ibaki meza, hata ikiwa ubao wa sentimita 60 uliobanwa kati ya friji na dirisha, na vitanda vibaki vitanda, hata vikipandana. Nilidhani ni ubishi. Niliifanya kazi kama alivyotaka, na kila nilipopita pale baadaye niliwakuta watoto wamekaa kwenye ubao ule, wakati wa chakula na hata usipokuwa wakati wa chakula.

Miaka ilipita ndipo nikasoma habari za Nishiyama Uzo, msanifu wa Japani aliyechunguza nyumba za watu wa kipato cha chini kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wengi wa zama zake waliona chumba kimoja kinatosha kwa kula na kulala, kwa kuwa matandiko huko hukunjwa asubuhi. Yeye alikuta kwamba hata katika nyumba finyu sana watu walijinyima na kujibana ili watenge pa kula na pa kulala. Wazo hilo liliingia katika ramani ya nyumba za umma ya mwaka 1951 iliyoitwa 51C. Ilikuwa fleti isiyozidi mita za mraba 40 hivi, lakini jiko lake lilipanuliwa kiasi cha kuingiza meza ya kulia. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama na makombo yake, kisha nikamkumbuka mama yangu. Yeye hakuwa na jiko la kuingiza meza. Alitenga kwa saa kile alichoshindwa kukitenga kwa ukuta, na kuisimamisha meza ile ndiko kulikokuwa kufunga mlango kati ya chumba cha kulia na chumba cha kulala.

Kuna jambo jingine linalowakera wasanifu na hata mafundi wenzangu, nalo ni sebule nzuri isiyotumika. Familia imebanana vyumbani, ilhali chumba kikubwa kuliko vyote kina makochi yaliyofunikwa vitambaa na kabati la vioo, na watoto wamekatazwa kuchezea humo. Niliwahi kumwambia mama mmoja kwamba anapoteza theluthi ya nyumba yake. Akanitazama kwa muda, akasema, "Hapa ndipo mahali pekee ambapo sioni godoro." Sikuwa na la kumjibu. Mtu anayeishi katika nyumba ambayo hakuichagua, yenye rangi aliyoikuta, na kanuni zinazomwelekeza hata pa kupiga msumari, anahitaji pembe moja inayomwonyesha yeye ni nani. Tangu siku ile sijamshauri mtu aivunje sebule yake ili apate nafasi. Nikiombwa nafasi, naitafuta kwingine.

Kosa kubwa la kazi yangu lilihusu ukuta wa jiko. Mteja alikuwa mama aliyeishi na mumewe, watoto watatu na mama mkwe. Alitaka jiko liunganishwe na sebule, maana alikuwa ameona picha za nyumba za namna hiyo akazipenda. Mimi nililishangilia wazo lake. Ukuta ule ulikuwa mwepesi, wa mbao na plasta, na nilijua nitautoa kwa siku moja. Tuliomba kibali, tukapewa, nikauvunja. Nuru ya dirisha la jiko ikafika hadi mlango wa kuingilia. Wote walifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote.

Miezi minne baadaye binti yake mkubwa akanipigia simu. Mama anaomba ukuta wake urudi. Nilikwenda nikidhani ni harufu ya mapishi iliyoingia kwenye makochi, au mtoto mdogo aliyekaribia moto. Hayo yalikuwapo pia. Lakini alilonieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini kwa sababu sasa kila neno lilisikika nyumba nzima, ni kwamba jiko lilikuwa chumba chake. Hakuwa na kitanda cha peke yake wala kabati asiloshiriki na mtu. Alikuwa na jiko lenye mlango, na mwanamke akiufunga mlango wa jiko hakuna anayemuuliza kwa nini. Humo ndimo alimopigia simu. Humo ndimo alimolia alipofiwa na dada yake. Mimi nilikuwa nimeliondoa hilo nikiamini namwongezea nafasi, na sikuwa nimemuuliza hata mara moja anafanya nini jikoni asipokuwa anapika.

Niliurudisha ukuta kwa gharama yangu. Niliweka mlango wa kuteleza, na juu yake kioo cha ukungu ili nuru iendelee kupita. Siku nilipomaliza aliingia, akauvuta mlango, akakaa ndani kama dakika moja, akatoka. Hakusema kitu, akanipa maji ya kunywa.

Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za mji wa Frankfurt, nchini Ujerumani. Lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kila kitu mahali mkono unapofika, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, droo za alumini za kuwekea vyakula vikavu, na mlango wa kuteleza kuelekea sebuleni. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Mimi kama seremala naiheshimu sana kazi ile, kwa kuwa hakuna sentimita iliyowekwa bila kufikiriwa. Lakini wakazi walilalamika kwamba humo hawaenei watu wawili, na mama akiingia anakuwa peke yake na kazi yake. Yule mteja wangu alikuwa akiutafuta upweke huohuo ambao wenzake wa Frankfurt waliulalamikia. Ndiyo maana siku hizi sitoi ushauri wa jiko kabla ya kujua nani mwingine huingia humo, na kama mpishi anapenda aingie.

Hapa niseme neno kuhusu kuta kwa ujumla, kwa sababu nimeona mambo ya kutisha. Majengo mengi ya umma yamejengwa kwa mabamba ya zege yanayobebana. Ukuta ulio kati ya vyumba vyako viwili unaweza kuwa ndio uliobeba sakafu ya jirani wa juu, na wa juu yake, na wa juu yake tena. Mei 1968 huko London, gesi ililipuka katika fleti ya ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, jengo la mabamba lenye ghorofa 22 lililokuwa limeanza kukaliwa miezi michache tu kabla. Mlipuko ulisukuma nje bamba la ukuta, na kwa kuwa sakafu za juu zilikuwa zimeliegemea, kona nzima ya jengo ikaporomoka kuanzia juu hadi chini. Watu wanne walikufa. Nikiitwa na mtu anayetaka tundu la mlango kwenye zege, nasimulia habari hiyo kabla ya kufungua boksi la vifaa. Kama hana barua ya mhandisi, naondoka, hata akiniambia fundi mwingine amekubali.

Watu wengi hunieleza kwamba nyumba yao ni ndogo. Nikikaa nao kidogo nagundua kwamba wanachokitafuta ni stoo. Masanduku, ndoo, baiskeli, nguo za mtoto anayekuja, vitabu vya mtoto aliyehitimu, vitu vya marehemu ambavyo hakuna aliye tayari kuvigawa. Vitu hivi havina mahali, kwa hiyo vinachukua mahali pa watu. Kwanza vinajaza uvungu, kisha vinapanda juu ya kabati, kisha vinahamia kwenye roshani, na roshani ikijaa, nuru ya sebule inapungua. Kisha mtu anaziba roshani kwa vioo na plaiwudi, na nyumba imepata stoo lakini imepoteza hewa. Ningekuwa na sauti mbele ya wanaochora nyumba hizi ningeomba jambo moja tu: chumba cha kulala kipunguzwe nusu mita, nusu mita hiyo iwe stoo yenye mlango. Naamini wapangaji wataiona nyumba hiyo kuwa kubwa zaidi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu kila nilipojenga kabati la kutoka sakafuni hadi darini kwenye ukuta mmoja wa ujia, lenye kina cha sentimita 35 tu. Wenyeji husema nyumba imeongezeka, ingawa kwa futi kamba imepungua.

Unyevu nao ni mwizi wa vyumba. Kile chumba cha ghorofa ya mwisho nilichokitaja kilikuwa na ukungu mweusi kuanzia kona ya dari hadi nyuma ya kabati. Familia ilikuwa ikilipa kodi ya vyumba viwili ikiishi katika kimoja. Walikuwa wameripoti mara kadhaa, na jibu walilopewa ni kwamba wafungue madirisha. Nililisogeza kabati. Lilikuwa limebanwa kabisa kwenye ukuta wa nje, na nyuma yake hewa ilikuwa haijapita kwa miaka. Ukuta wa nje ukiwa baridi, mvuke wa pumzi na wa nguo zinazoanikwa ndani hugeuka maji hapo, na kuvu inamea. Kabati nililihamishia ukuta wa ndani, nikaliachia nafasi ya sentimita 5 nyuma na matundu chini. Kuvu ilipungua, haikwisha, kwa sababu paa lilikuwa linavuja na paa si kazi ya seremala. Nililiandikia ripoti ya ukurasa mmoja, wakaiambatanisha na malalamiko yao. Ilichukua miezi kumi na moja mafundi wa paa kufika. Mtoto wa familia ile alikuwa na pumu. Bado hasira yangu haijaisha.

Kamati iliyoongozwa na Sir Parker Morris nchini Uingereza ililiona jambo hili mapema. Katika mapendekezo yake ya mwaka 1961 kuhusu nyumba, kamati ile ilitaka mfumo wa kupasha joto uweze kufikisha nyuzi 18 sebuleni na 13 jikoni na kwenye korido, nje kukiwa na nyuzi 1 chini ya sifuri. Sababu yake ilikuwa ya kibinadamu: nyumba yenye chumba kimoja tu chenye joto inakusanya watu wote katika chumba hicho, na vingine vinabaki kuwa picha kwenye ramani. Kamati ilitaka pia ramani zichorwe na samani ndani yake, kitanda, meza na kabati, ili ionekane kama kweli vinaingia na mtu anaweza kuvizunguka. Viwango vile vililazimishwa kwa nyumba za umma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, vikaondolewa mwaka 1980. Nimeingia katika vyumba vya watoto ambavyo kitanda kikiwekwa mlango haufunguki wote. Aliyekichora hakukichora kitanda.

Mlango wenyewe hula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Mlango wa sentimita 80 ukifunguka hadi mwisho unafagia karibu nusu mita ya mraba ya sakafu, na hapo huwezi kuweka kitu. Fleti yenye milango mitano ya ndani inapoteza kiasi cha mita za mraba mbili na nusu, ambacho ni zaidi ya kitanda cha mtu mmoja. Kazi rahisi kuliko zote ninazofanya, na inayoshukuriwa kuliko zote, ni kuhamisha bawaba ili mlango ufungukie upande wa pili, au kuugeuza uwe wa kuteleza. Mlango wa choo uwe unafungukia nje, hasa kwa nyumba yenye mzee. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake unauzuia, na waliokuja kumsaidia wanabaki kusukuma.

Kuhusu wazee, nimesikia mengi juu ya vyumba vinavyoitwa vitupu. Watoto wamekwisha kuondoka, mzee amebaki na fleti ya vyumba vitatu, na kwenye foleni wako vijana wenye watoto wachanga. Shida hiyo ni ya kweli, na siipuuzi. Huko Uingereza, tangu Aprili 2013, mpangaji wa nyumba za umma aliye katika umri wa kufanya kazi hupunguziwa ruzuku ya kodi ya nyumba kwa kiasi cha asilimia 14 ya kodi hiyo akiwa na chumba kimoja kinachohesabiwa kuwa cha ziada, na asilimia 25 vikiwa viwili au zaidi. Wanaohesabu huhesabu vichwa na vitanda. Mimi nimeingia katika vyumba hivyo vinavyoitwa vitupu nikakuta kiti cha magurudumu, boksi za dawa, kitanda cha binti anayekuja kulala pale baba anapozidiwa. Nimemkuta mume anayelala chumba cha pili kwa sababu mkewe ana ugonjwa wa kusahau na huamka usiku mara sita, na bila usingizi asingeweza kumhudumia mchana. Hakuna fomu niliyowahi kuiona yenye mstari wa kuandika hayo.

Naulizwa mara nyingine kama ninajua mahali palipofanywa vizuri. Najua mawili ninayoyapenda. Iquique, nchini Chile, msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa kampuni ya ELEMENTAL walikuwa na fedha za serikali zisizotosha nyumba kamili kwa familia karibu 100 za Quinta Monroy. Mwaka 2004 wakawajengea nusu ya nyumba, ile nusu ambayo familia isingeweza kuijenga vizuri yenyewe: bafu, jiko, ngazi, kuta za kutenganisha na jirani. Kando yake wakaacha nafasi wazi, na wenyeji wakaijaza kwa mikono yao na kwa kasi yao. Bordeaux, nchini Ufaransa, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na Frédéric Druot na Christophe Hutin, walipewa majengo matatu ya umma ya miaka ya 1960 yenye fleti 530. Hawakuyabomoa. Waliyaongezea kwa nje sakafu mpya yenye vioo na roshani, kina cha mita 3.8 kwenye majengo makubwa, na wapangaji waliendelea kuishi ndani wakati wa ujenzi. Madirisha madogo ya zamani yakageuzwa milango ya kutokea kwenye nafasi hiyo mpya.

Nikitazama picha za majengo hayo siangalii vioo. Naangalia watu walichoweka nyuma ya vioo. Mmoja ana mimea, mwingine amepanga viti, mwingine ameanika nguo. Hakuna aliyeandikiwa chumba kile ni cha nini. Na ndicho ambacho wale wa roshani za plaiwudi wamekuwa wakikijenga kwa siri miaka yote, kwa mbao mbovu na hofu ya kuandikiwa barua ya onyo: mita chache ambazo hazijapewa jina.

Mama yangu bado anaishi katika fleti ileile. Baba amefariki, sisi wanne tuna nyumba zetu, na yeye ana kitanda chake na chumba chake na mlango wake. Mwaka jana aliniomba nikamtengenezee meza, kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umelegea. Nilifika jioni. Niliikuta imesimama wima ukutani, saa ya kulala haijafika, na nyumba nzima haina mtu wa kutandikiwa.

"Mama, bado unaisimamisha?"

"Nimezoea," akasema. Kisha, baada ya kitambo, "Na mtu akija usiku?"

Niliilaza chini, nikapiga gundi na skrubu mbili kwenye mguu ule. Ukingo uliokuwa ukiegemea ukuta ulikuwa umelika kwa miaka zaidi ya 30, na ukutani palikuwa na mchirizi mrefu ulioingia kwenye plasta, kimo cha bega langu la utotoni. Nilitaka kuuziba. Akanikataza. Nikaupiga ukingo randa kidogo, nikaupigilia kipande cha ngozi ili usiendelee kuchimba, kisha nikamsaidia kuiinua meza, akaielekeza yeye mwenyewe mpaka ikaketi kwenye mchirizi wake.